Fundi Anajibu: Joto la Mwili Litachaji Simu?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mvuvi wa Pangani, natoka usiku. Nimesikia kuna silikoni ya nyuzi nyembamba inayogeuza joto la mwili kuwa umeme. Nikiivaa mkononi, itachaji simu nikiwa baharini? Halafu sola yangu ya kukunja siku hizi haina nguvu. Tatizo nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulichosikia si uzushi. Mwaka 2008 kundi la mwanasayansi Peidong Yang kule chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, lilitoa matokeo ya nyuzi za silikoni, ile malighafi ya sola, zenye unene wa nanomita 50 hivi. Unywele wako unazizidi zaidi ya mara elfu. Joto huzaa umeme pale tu upande mmoja ukiwa wa moto na wa pili wa baridi. Silikoni ya kawaida hapo inashindwa, maana joto hupenya upesi, pande zote zikalingana, kazi ikaisha. Zile nyuzi, kwa wembamba wake na uso wake wa kukwaruza, huikwamisha mitetemo inayobeba joto, lakini umeme unapita. Upitishaji wa joto ulishuka karibu mara mia. Hapo nawavulia kofia.

Ila tupige hesabu ya mkono wako. Ngozi ina nyuzijoto kama 33, upepo wa usiku tuseme 26. Kwa tofauti hiyo ya 7, hata mtambo usio na dosari yoyote hauwezi kugeuza kuwa umeme zaidi ya asilimia 2 na kidogo ya joto linalopita. Kwenye mkanda wa kiganja, hizo ni miliwati chache, yaani vipande vichache vya wati moja iliyogawanywa mara elfu, na simu inataka wati 5. Saa ya mkononi inaridhika: Seiko waliuza moja ya joto la mwili mwaka 1998, tena bila hizo nyuzi. Simu, hapana. Anayekuuzia bangili ya kuchaji simu anataka hela yako ya samaki.

Sola yako ni jambo jingine. Silikoni yake ikiwa nyembamba hupinda, lakini haipendi kukunjwa. Ikunje kwenye mishono ya kitambaa tu, usiikalie, wala usiibanie chini ya nyavu. Ukiona mistari myeusi kwenye vigae, ujue imepasuka ndani na haitengenezeki. Kama ni safi, angalia kichwa cha waya, mara nyingi kimeliwa na chumvi. Kisugue kwa mswaki na spiriti, kikauke. Mchana iache sola nyumbani ijaze pawabenki, usiku beba pawabenki kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri.