Tabo ndiyo ununue mwisho

Mtu akinijia na kusema, "Nimeshapata tabo, nisaidie kuifunga kwenye gari langu dogo," yaani ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili isukume hewa zaidi kwenye injini, swali langu la kwanza huwa moja: petroli utaitoa wapi? Wengi hudhani naulizia kituo cha mafuta. Naulizia nozeli zinazoirushia injini petroli, na pampu inayozilisha.

Injini ya kawaida huvuta hewa kwa kunyonya tu, na presha ya anga inayoisukuma hewa hiyo ni kama bar 1. Ukiongeza nusu bar juu yake, kila silinda inameza karibu hewa moja na nusu ya ile iliyozoea. Na hewa hiyo yote inadai petroli yake. Nozeli za kiwandani zilipimiwa injini isiyo na tabo, zikabakiziwa akiba kidogo. Akiba ikiisha, petroli haiongezeki hata ukanyage vipi. Tena sensa ya presha ya manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa) kwenye magari mengi yasiyo na tabo husoma hadi bar 1 na kidogo tu, basi. Tabo inapoanza kusukuma, kompyuta ya gari inakuwa kama kipofu aliyeambiwa apike: anaendelea kukoroga kwa mazoea.

Hili nililijua kwa kusimuliwa, ila sikuliamini. Gari langu la kwanza la namna hii lilikuwa dogo, linavuta kwa magurudumu ya mbele, silinda nne, lita 1.6, kompresheni 10.5 kwa 1, yaani pistoni inaibana hewa hadi sehemu moja ya 10.5. Badala ya nozeli kubwa nilifunga kifaa cha kupandisha presha ya petroli, nikajiona mjanja. Wiki nzima nilikuwa mfalme. Kisha nikapanda mlima mrefu kwa gia ya nne, geji ya presha ya tabo ikionyesha bar 0.6, nikasikia sauti kama changarawe ndani ya kopo. Redio ilikuwa juu, nami sikuipunguza. Nilipopima kompresheni baadaye, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kubana, tatu zilitoa bar 13, moja ikatoa 4. Pistoni ilikuwa imekatika ukingo unaoshikilia ringi.

Ile changarawe ndiyo injini kugonga. Cheche ya plagi inapowasha, moto unatakiwa usambae kwa mpangilio hadi mwisho wa silinda. Hewa ikiwa ya moto mno na imebanwa mno, sehemu ambayo haijafikiwa na moto inalipuka yenyewe. Mlipuko mmoja mdogo pistoni inauvumilia. Mamia yake mfululizo mlimani, hapana.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni geji ya oksijeni ile pana, inayosoma uwiano wa hewa na petroli wakati injini inafanya kazi nzito. Gari likitembea polepole utaona 14.7 kwa 1, na hapo ni sawa. Tabo ikisukuma, mimi nataka kuona kati ya 11.5 na 12. Nikiona 13, yaani petroli imepungua, naachia pedali, sisubiri kusikia kitu. Baada ya geji, pima kompresheni ya injini uliyonayo. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, pesa ya tabo iende kwenye injini kwanza. Zikiwa sawa, nenda kwenye nozeli, pampu, na kompyuta inayoweza kupangwa upya, pamoja na sensa ya presha inayosoma bar 2 au 3.

Intakula, ile rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, usiiruke. Hewa ikibanwa inapata moto, hakuna ujanja. Kwa kompresa (upande wa tabo unaobana hewa) ya ubora wa kawaida, hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 27 hutoka na takriban 80 kwenye nusu bar, na karibu 120 kwenye bar nzima. Ukiipeleka hivyo silindani, umeikaribisha changarawe mwenyewe.

Wakubwa nao walihangaika na hili. Mwaka 1962 Oldsmobile walitoa Jetfire yenye tabo na kompresheni ya 10.25 kwa 1, kubwa mno kwa kazi hiyo. Ili isigonge, walirushia mchanganyiko wa maji na methanoli ndani ya injini kutoka kwenye tangi lake dogo. Wenye magari wengi hawakulijaza tangi, na likikauka valvu ilipunguza nguvu. Saab baadaye, wakiwa na magari ya kuvuta mbele kama lako, waliweka sensa inayosikiliza kugonga huko na kushusha presha yenyewe. Kama kompyuta yako mpya ina uwezo huo, tumia.

Sasa oili, mahali ambapo wageni wengi hulia. Wenzangu hutania kwamba tabo na taabu ni ndugu wa tumbo moja, nami niliwaelewa siku gari lilipoanza kutoa moshi wa bluu. Nikasema sili za tabo zimekufa. Nikanunua tabo nyingine. Moshi uleule. Wiki mbili nilikuwa nalala chini ya gari, mpaka nikagundua kwamba bomba la kurudishia oili nililipinda ili likwepe shafti ya gurudumu.

Ndani ya tabo kuna mhimili unaozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando wa oili. Oili inaingia kwa presha ya pampu, lakini inatoka kwa kudondoka tu, tena imejaa povu. Sili zenyewe si mpira, ni viringi vidogo vya chuma. Haviwezi kuzuia oili iliyorundikana, basi inatafuta njia kwenye eksozi au kwenye hewa. Bomba la kurudi liwe pana, literemke bila kona kali, na liingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Angalia na kupumua kwa injini pia: presha ikijaa ndani ya sampu, oili haishuki hata bomba liwe zuri vipi. Ile tabo yangu ya kwanza ilikuwa nzima kabisa.

Kwenye gari dogo la kuvuta mbele injini imelala kwa upana, kwa hiyo nafasi ni finyu. Tabo itakaa ama karibu na rejeta ama karibu na ukuta wa kabini, na joto lake litaunguza mpira wa shafti, nyaya, na hozi ya breki. Weka ngao za bati mapema. Bomba la eksozi liwe na kipande kinachopinda, kwa sababu injini hiyo huinama mbele na nyuma kila unapokanyaga, na bomba gumu litapasuka kwenye welding. Klachi ya kiwandani itateleza. Hilo halihitaji maelezo, weka akiba.

Halafu magurudumu yenyewe. Ukikanyaga, uzito unakimbilia nyuma, na magurudumu ya nyuma siyo yanayovuta. Mara nyingi shafti moja ni ndefu kuliko nyingine, basi nguvu ikija kwa ghafla usukani unakunyang'anya mkono. Tabo kubwa inayochelewa kisha inashuka yote kwa mpigo ndiyo mbaya zaidi kwa gari hili. Chagua ndogo inayoamka mapema. Springi ya westigeti, ule mlango unaopitisha moshi wa eksozi pembeni ili presha isizidi, iwe laini pia. Kumbuka kompyuta inaweza kupandisha presha juu ya kiwango cha springi, haiwezi kuishusha chini yake. Nimeona mtu kafunga springi ya bar 0.8 kisha anaomba apangiwe 0.4 kwa ajili ya mvua.

Langu nimelipanga kwa gia. Ya kwanza inabaki kwenye springi, bar 0.3. Ya pili 0.4. Kuanzia ya tatu ndipo inafika 0.6, na mlima ule naupanda redio ikiwa imezimwa.