Maswali yenu: Windows ya fundi, Linux na Chromebook za bei nafuu

Nimenunua laptopu ya HP EliteBook 840 G3, ex-UK (iliyotumika Uingereza), RAM GB 8. Muuzaji amenipa Windows 11 na inaenda vizuri. Kuna shida? (Kondele, Kisumu)

Ipo. G3 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, na Windows 11 kwa kawaida hutaka cha 8 kwenda juu. Imeingizwa kwa mlango wa nyuma, na Microsoft haijaahidi kwamba masasisho yataendelea kukufikia.

La kunitia wasiwasi zaidi ni namna ilivyowekwa. Je, fundi alizima kinga ya virusi, akachomeka flashi, kidirisha cheusi kikapita, kisha akasema, "Tayari, bosi"? Basi umempa mtu usiyemjua mamlaka yote juu ya mashine unayoandikia nenosiri la eCitizen. Na ni ujinga mtupu, maana laptopu nyingi za ofisi kutoka ng'ambo huja na ufunguo halali wa Windows Pro ndani ya ubao mkuu wa mashine. Ukiweka Windows safi toleo la Pro, inajitambua yenyewe kuwa halali bila uchawi wa flashi. Futa yote, uanze upya.

Laptopu yangu ni RAM GB 4, hard disk GB 500. Niweke Windows 10 au 11? (Mwanafunzi, Njoro)

Hakuna hata moja. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na 11 kwa RAM GB 4 ni mateso. Nunua SSD kwanza (diski ya kasi kuliko hard disk), hata ya GB 256, kisha weka Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, katika toleo lake jepesi. Ijaribu ikiwa bado kwenye flashi: ukiona Wi-Fi na sauti ziko sawa, ndipo uiweke.

Linux inafungua Word?

Jamani, tena? LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, inafungua. Mpangilio wa kurasa unaweza kuhama kidogo, kwa hiyo geuza kazi iwe PDF kabla ya kuipeleka saiba ichapishwe. Kama riziki yako ni Excel yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), baki Windows.

Laptopu ipi nzuri?

Ya kazi gani, na kwa pesa ngapi? Andika tena.

Chromebook (laptopu za mfumo wa Google, ChromeOS) za bei ya chini hapa Nakuru ni dili? (Section 58)

Baadhi. Kabla ya kulipa, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "About ChromeOS", uangalie tarehe ya mwisho ya masasisho. Nyingi zilizokuwa za shule za nje zimeshapitwa. Na ukiiwasha ikakuandikia kwamba inasimamiwa na shule fulani ya Marekani, irudishe hapohapo mezani. Kuifuta hakusaidii, ikishika intaneti tu, itadai akaunti ya shule ile.