Maswali ya Wasomaji: Kwa nini dawa ya kifua kikuu isiwe ya wiki moja?

SWALI: Bwana Daktari, mdogo wangu ameanzishiwa dawa za kifua kikuu za miezi sita. Mwezi wa pili haujesha na kikohozi kimekata, isipokuwa mkojo wake ni mwekundu. Kwa nini wataalamu hawabuni dawa kali ya kumaliza maradhi haya kwa wiki moja? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Mpe pole mdogo wako. Wekundu wa mkojo unatokana na rifampisini, mojawapo ya dawa anazotumia, na hauna madhara.

Kumuua bakteria wa kifua kikuu katika chupa ya maabara si kazi kubwa. Kazi ni kumfuata alikojificha mwilini. Amejifunika tabaka la mafuta mazito mfano wa nta, hujigawa mara moja tu kwa takriban siku nzima, na baadhi yao hutulia ndani ya vinundu vya mapafu, ambako dawa zinazoshambulia bakteria anayekua haziwadhuru. Kikohozi hukata hao wangali hai, na miezi ya mwisho ya tiba ni kwa ajili yao.

Ndiyo maana bedakwilini, dawa mpya zaidi ya kifua kikuu, ilipokelewa kwa furaha kubwa. Watafiti wa kampuni ya Janssen walianza kwa kujaribu kemikali nyingi juu ya bakteria wa jamii hiyohiyo anayekua haraka, wakapata moja inayozuia kimeng'enya kinachompa bakteria nishati, ambayo hata aliyetulia anaihitaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005; Marekani iliidhinisha dawa hiyo Desemba 2012. Miaka ya katikati ilikwenda kwenye majaribio ya panya, ya watu wazima wa afya, kisha ya wagonjwa, kwa sababu molekuli inayomuua bakteria inaweza pia kuumiza ini au kuvuruga mapigo ya moyo, na bedakwilini yenyewe hulazimu moyo wa mgonjwa upimwe.

Wala dawa moja haitoshi, hata iwe kali vipi. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1948, wagonjwa wengi waliopewa dawa ya streptomaisini peke yake walizalisha bakteria sugu, yaani wasiouawa tena na dawa hiyo. Kwa hiyo kila dawa mpya hupimwa pamoja na wenzake, jambo linalorefusha utafiti, lakini nalitetea kwa moyo wote: kifua kikuu sugu, ambacho zamani kilitibiwa hata miezi ishirini, tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza wagonjwa wengi watibiwe kwa mchanganyiko wa miezi sita wenye bedakwilini.

Mdogo wako amalize dozi yake. Akiona macho yanakuwa manjano au akitapika mfululizo, arudi kituoni siku hiyohiyo, wala asiamue mwenyewe kuacha dawa.