Utafiti wa kichocho: taja hatua ya mnyoo kabla ya molekuli

Wanaoanza utafiti wa kichocho huja maabara na swali lilelile: mnyoo anaikwepaje kinga ya mwili? Swali si baya, ila linamchukulia Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha utumbo, kana kwamba ana tabia moja tu. Serkaria, yaani kiluwiluwi cha majini anayepenya ngozi ya mvuvi, mnyoo mzima aliyetulia kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na yai lililonasa kwenye ini wana haja tofauti, kwa hiyo na protini tofauti. Kwenye daftari lako andika hatua kwanza, jina la molekuli lifuate.

Mnyoo mzima hataki kuonekana. Juu ya ngozi yake hujivika molekuli za mwenyeji, zikiwemo za makundi ya damu. Mwaka 1969 Smithers na wenzake walichapisha jaribio ambalo bado nawasomesha wageni: minyoo waliokulia ndani ya panya walihamishiwa kwa tumbili wa rhesus. Kwa tumbili wa kawaida waliishi. Kwa waliokwisha kuchanjwa dhidi ya seli nyekundu za panya, waliuawa.

Yai ni habari nyingine kabisa. Jike hutaga takriban mayai 300 kwa siku, na kila yai lina safari ya kutoka kwenye mshipa, kupita ukuta wa utumbo, hadi kwenye choo. Halina msuli wa kujisukuma. Linategemea uvimbe unaoletwa na seli za kinga zenyewe. Kwa hiyo yai hupiga hodi hadi atoke mtu. Panya wasio na seli T, aina ya seli za kinga, hutoa mayai machache. Utafiti wa mwaka 1997 miongoni mwa waosha magari wa Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, ulikuta vivyo hivyo: wenye VVU pamoja na kichocho walitoa mayai machache zaidi. Ukihesabu mayai kwenye choo kwa darubini, njia ya Kato-Katz, peke yake, utadhani hawana minyoo wengi. Weka pembeni kipimo cha mkojo cha CCA, kinachotafuta antijeni (molekuli inayotambuliwa na kingamwili) ya utumbo wa mnyoo mwenyewe.

Sasa tuje kwenye omega-1, maana wengi huanzia hapo. Yai huitoa, ni kimeng'enya kinachokata RNA. Huingia kwenye seli dendritiki, seli za kinga zinazozielekeza nyingine, kwa kushikwa sukari zake na kipokezi cha manosi (aina ya sukari), kisha hukata RNA ya ribosomu, na seli hiyo huanza kuzielekeza seli T upande wa Th2, aina ya mwitikio wa kinga dhidi ya minyoo. Mlango ni sukari. Ukiitengeneza ndani ya bakteria Escherichia coli unapata protini iliyo uchi, isiyo na sukari hizo. Ndiyo maana watu hutumia seli za binadamu za HEK293, au mimea jamii ya tumbaku.

Tena bakteria huyo hukuachia endotoksini, sumu ya ukuta wake inayoamsha kinga. Seli zako zitamwaga TNF, protini ya uvimbe, nawe utaandika kwamba yai ndilo lililofanya. Pima kwa LAL, kipimo cha endotoksini, kabla ya jaribio lolote. Chemsha sehemu ya sampuli pia: protini nyingi huharibika, endotoksini hubaki. Athari ikibaki ilivyokuwa, shuku, ingawa hiyo si hukumu ya mwisho kwa kuwa sukari nazo hustahimili joto. Na kisima kimoja cha sahani ya majaribio kiwe cha bafa tupu (mmumunyo usio na protini) iliyopitishwa kwenye safu ileile uliyosafishia protini yako.