Siku niliyolala katikati ya mto

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa upimaji ardhi, yuko Dar es Salaam, kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nifanyeje na mimi nikapime Kanada?" Marahaba mdogo wangu. Najua ndoto yetu ni moja: kupima pori ambalo hata barabara haijafika.

Mimi nilifika. Mto South Nahanni, kaskazini-magharibi mwa Kanada, ndani ya hifadhi iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1978. Tulishushwa na ndege inayotua majini. Habari za viza na vyeti naziruka, zitawachosha.

Kazi yetu ilikuwa kuweka alama za udhibiti, yaani alama za ardhini ambazo mahali pake panajulikana kwa uhakika, kwenye kingo za kokoto, ili picha za angani zikae mahali pake. Juu yetu kulikuwa na maporomoko ya mita 96. Ramani inayaita Virginia, jina la binti wa Fenley Hunter, Mmarekani aliyefika huko 1928. Wadene, wenyeji wa asili wa huko, wao wanayaita Náįlįcho, na hawakumsubiri Hunter.

Siku ya tatu nikahamishia kodineti zangu, yaani namba za mahali, kwenye karatasi kuukuu ya ramani ya skeli ya 1:50,000. Msimamizi akainama, akakita ncha ya penseli pale nilipoweka kambi. Bluu tupu. "Kumbe tunalala majini?" Wenzangu wakaangua kicheko. Kisha akaniuliza huko kwetu tulifundishwa nini.

Karatasi ilikuwa ya datumu, yaani msingi ambao namba za mahali huhesabiwa kutoka kwake, ya zamani ya Amerika Kaskazini, NAD27; kifaa changu cha GPS kilisoma ile mpya zaidi, NAD83. Tofauti ilikuwa takribani mita 200, yaani milimita 4 tu kwenye karatasi. Na mimi ndiye niliyetoka Tanzania, ambako datumu ya ramani za zamani, Arc 1960, na ile ya GPS, WGS84, hupishana kwa kama mita 300! Nilifundishwa, tena vizuri. Lile swali linaniuma mpaka leo, sifichi.

Kwa hiyo nawaambieni, vijana: someni maandishi ya pembeni ya ramani. Datumu ipo pale. Kontua, ile mistari ya kimo, ni za futi au mita? Ipo pale. Mwaka wa picha? Upo pale pale, na mto kama ule huhama, kisiwa cha kokoto cha mwaka jana mwaka huu hukioni. Lakini hamsomi! Mnakimbilia droni, mnapiga picha za kujionyesha, pembeni ya ramani hamtupii hata jicho. Someni pembeni, nasema tena.

Msimu uliofuata msimamizi yule yule alinifuata na karatasi mkononi, akauliza taratibu: "Hii ni datumu gani?" Nikamjibu bila kucheka. Karatasi ile ya kwanza ninayo bado nyumbani, na tundu la penseli liko pale pale mtoni.