Kabla ya Kununua Kalipa Kubwa

SWALI: Ndugu mtaalamu, nina gari la kispoti lenye uzito wa kilo 1,500 hivi, ambalo breki zake hazijawahi kunisumbua barabarani. Nilipolipeleka kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa mbio, mizunguko mitatu ilikwenda vizuri, lakini katika mzunguko wa nne kanyagio la breki lilizama karibu ligonge sakafu, ikanibidi nikanyage mara mbili tatu ndipo gari lipunguze mwendo. Baada ya kulipumzisha nusu saa breki zilirudi, ingawa kanyagio halijawa gumu kama zamani. Fundi ananishauri niweke diski kubwa mbele pamoja na kalipa (vibanio vinavyosukuma pedi kwenye diski) za pistoni sita. Je, nifuate ushauri wake?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue chochote kwanza, kwa sababu jibu la tatizo lako umelitaja mwenyewe uliposema kwamba kanyagio lilizama. Breki zilizozidiwa na joto huishiwa nguvu kwa namna mbili, na mguu wa dereva unaweza kuzitofautisha hata kabla gari halijapigwa jeki. Kanyagio likibaki juu na gumu, nawe unalikandamiza kwa nguvu zako zote lakini gari halishiki, basi pedi, vile vipande vinavyoisugua diski, ndizo zilizovuka kiwango cha joto zinachokistahimili. Kanyagio likilegea na kushuka kama unakanyaga sponji, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta yakiwa kimiminika hayabanwi kirahisi, na ndiyo maana nguvu ya mguu wako hufika kwenye pistoni za kalipa; mvuke hubanwa, kwa hiyo siku ile sehemu kubwa ya safari ya kanyagio iliishia kubana mapovu badala ya kusukuma pedi. Gari lilipopoa mvuke ulirudi kuwa mafuta, lakini mapovu yakishajitokeza ndani ya mfumo si ajabu kanyagio kubaki na ulaini kidogo mpaka mafuta yatolewe.

Pengine unajiuliza kwa nini hayo hayakutokea barabarani. Breki hazipotezi mwendo, bali huugeuza kuwa joto, na nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Gari la kilo 1,500 likishushwa kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 80 hutoa jouli milioni 1.9 hivi, yaani zaidi ya mara tatu ya joto linalopatikana gari hilohilo likisimamishwa kabisa kutoka kilomita 100 kwa saa. Barabarani tukio kama hilo ni nadra, na baada yake breki hupata muda wa kupoa. Uwanjani hujirudia katika kila kona kali, mzunguko baada ya mzunguko, na diski hufika kwenye kona inayofuata ikiwa bado na moto wa kona iliyopita. Joto hilo hupenya kwenye pedi, likaingia kwenye pistoni, na mwisho wake ni mafuta yaliyo nyuma ya pistoni hizo.

Sasa tuyatazame mafuta yenyewe. Viwango vinataka DOT 4 (daraja mojawapo la mafuta ya breki) mpya isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini mafuta ya aina hii hunyonya unyevu kidogo kidogo, na maji yakifika asilimia 3.7 kiwango hicho cha chini hushuka hadi nyuzi 155. Kwa DOT 5.1 ni nyuzi 260 yakiwa mapya na 180 yakishanyonya maji. Ukinunua gari lililotumika, ukakuta mafuta hayajabadilishwa kwa miaka kadhaa, ni vyema uchukulie kwamba uko karibu na tarakimu ile ndogo. Yapo mafuta ya mbio ambayo yakiwa mapya huvuka nyuzi 300 kabla ya kuchemka, ila yanataka kubadilishwa mara kwa mara zaidi. Jihadhari na DOT 5, ambayo jina lake linafanana mno na DOT 5.1 lakini ni mafuta ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. Sijui aliyepanga majina hayo alikuwa na haraka gani.

Kazi ya kubadilisha si ngumu, bali inadai subira. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani huchomekwa kwenye niple (skrubu ya kutolea mafuta) ya kalipa na ncha yake ya pili ikazamishwa kwenye chupa yenye mafuta kidogo; msaidizi anakanyaga na kushikilia, fundi analegeza niple, mafuta ya kahawia yanatoka, niple inakazwa, ndipo msaidizi anaachia mguu. Akiachia mapema, hewa hunyonywa kurudi ndani na kazi huanza upya. Mnaendelea hivyo mpaka yanayopita kwenye mpira yawe safi na bila povu hata moja, huku mtu akihakikisha kwamba kopo la mafuta lililo juu halikauki, kwa kuwa hewa ikiingia kwenye kifaa cha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) huenda kuitoa kukahitaji mashine ya uchunguzi. Utaratibu wa gurudumu lipi lianze ufuate kitabu cha gari lako.

Baada ya mafuta, tazama pedi. Za kawaida zimetengenezwa zishike vizuri asubuhi zikiwa baridi, zisipige kelele na zisichafue rimu, na kwa sifa hizo zimejinyima uwezo wa kustahimili moto mkali. Pedi za uwanjani ni kinyume chake: hupiga kelele, humwaga vumbi, hula diski, na nyingine hazishiki sawasawa mpaka zipate joto, jambo ambalo ni hatari ukitoka nyumbani na kukuta mtu anavuka barabara mita chache mbele yako. Kwa sababu hiyo wengi huzifunga siku ya uwanja na kuzifungua kabla ya kurudi kwenye matumizi ya kila siku. Usiingie uwanjani na pedi zilizobaki chini ya nusu ya unene wake, kwani pedi ni ngao kati ya diski na mafuta, na ngao nyembamba hupitisha joto haraka.

Diski kubwa zina faida ya kweli, lakini si ile inayotajwa dukani. Ikiwa breki ulizonazo zinaweza kuifanya ABS ianze kufanya kazi, basi kikomo cha kusimama kimewekwa na mshiko wa tairi, na kalipa ya pistoni sita haitakiongeza. Inachoongeza diski nzito ni nafasi ya kuhifadhi joto na eneo la kulitoa. Tena, ukibadilisha mbele peke yake kwa kalipa ambazo jumla ya eneo la pistoni zake ni kubwa kuliko la zile za kiwandani, kanyagio litakuwa na safari ndefu zaidi na mizani ya breki itahamia mbele, breki za nyuma zikabaki zikifanya kazi kidogo kuliko zilivyopaswa. Kabla ya kufika huko, njia ya hewa kutoka kwenye bampa hadi katikati ya diski huenda ikakusaidia zaidi, kwa sababu diski yenye njia za hewa ndani yake huvuta hewa kitovuni na kuitupa nje kama feni. Hewa inayopulizwa usoni mwa diski upande mmoja haifanyi kazi hiyo.

SWALI: Je, diski zilizotobolewa ni bora kuliko zenye mifereji?

JIBU: Kwa uwanjani, chagua mifereji au hata diski tupu isiyo na matundu wala mifereji. Matundu hupendeza nyuma ya rimu iliyo wazi, lakini kila tundu ni mahali ambapo ufa hupenda kuanzia diski inapopanuka na kusinyaa. Nyufa ndogo ndogo za juu juu ni za kawaida. Ufa uliofika ukingoni mwa diski au uliounganisha tundu na tundu unamaanisha diski hiyo imemaliza kazi, hata kama unene wake bado unatosha.

SWALI: Baada ya siku ya uwanja usukani unatetemeka nikifunga breki. Nimeambiwa diski zimepinda.

JIBU: Mara nyingi hazijapinda. Mabaki ya pedi yamegandia diski kwa unene usio sawa, hasa gari likisimamishwa huku dereva amekanyaga breki zilizo moto sana, pedi zikaacha alama yake mahali pamoja. Jaribu kwanza kuzizoesha pedi upya, kwa kupunguza mwendo mara kadhaa mfululizo bila kusimama kabisa, mahali salama, kisha uendeshe taratibu mpaka zipoe. Safari ijayo, tumia mzunguko wa mwisho kupoza breki, na ukiegesha weka gia au kabari chini ya tairi, uache breki ya mkono ikiwa imelegezwa.