Maswali ya mbao na vyeti: mpingo, kreti na misindano

Wadau, meseji ni nyingi, naanza na hii maana mtu anakaribia kupoteza mtaji.

Nina duka la vinyago Arusha mjini, mteja wa Ujerumani anataka vya mpingo kilo 35 kwa mkupuo. Dalali anasema vinyago vimeshachongwa, nitume tu. Kweli?

Usitume dada! Mpingo uko orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, wenyewe na karibu ukoo wake wote wa Dalbergia, yaani kuuvusha mpaka ni kwa kibali. Mwaka 2019 wakalegeza, vitu vilivyokamilika havihitaji kibali kama mbao yenyewe haizidi kilo 10 kwa mzigo, na ala za muziki kama klarineti zikaachiwa. Dalali kasikia "vilivyokamilika" akaishia hapo. Na mpingo ni mzito jamani, ukiutia majini unazama, kinyago cha urefu wa mkono tu ukikiweka kwenye mizani unashtuka, kwahiyo kilo 10 zinaisha haraka mno. Kilo 35 ni kibali, na hapo utaulizwa gogo limetoka wapi, sasa kama anayekuletea huwa anakuja usiku hana risiti ya TFS (Wakala wa Misitu) wala transiti pasi, ile hati ya kusafirishia mazao ya misitu, anza leo kumdai, maana mzigo ukikamatwa ni wako sio wake.

Natengeneza kreti hapa Majengo, Moshi. Mzigo wa mteja umezuiwa nje eti kreti haina muhuri. Muhuri gani?

Ni wa ISPM 15 kaka, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo, pole sana. Mbao inapashwa joto mpaka kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, wadudu wafe, halafu inapigwa alama ya suke la ngano pembeni herufi IPPC, herufi mbili za nchi, namba ya mtengenezaji na herufi HT, yaani imepashwa joto. Wanaogonga ni walioidhinishwa tu, usichonge muhuri wako. Plaiwudi haiguswi na sheria hii.

Shikamoo, nina ekari 6 za misindano Siha. Nikipata FSC, kile cheti cha msitu unaotunzwa vizuri, nitauza Ulaya moja kwa moja?

Mimi ndo wa kukuamkia mzee, shikamoo. FSC ni hiari, cheti ni miaka 5 na wakaguzi wanarudi kila mwaka, ukilipia peke yako ekari 6 haziwezi kurudisha hiyo hela. Ingieni kikundi, vijiji vya Kilwa vilifanya hivyo 2009 vikawa vya kwanza Afrika kupata cheti hicho kwa msitu wa asili wa jamii, na ni mpingo huohuo. Ila cheti hakichukui nafasi ya sheria mpya ya Ulaya ya kuzuia bidhaa zinazotokana na ukataji misitu (EUDR), ile inayogusa mbao na hata kahawa yetu. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja lakini tarehe ya msingi iko palepale, shamba lisiwe limetokana na kukata msitu baada ya 31 Desemba 2020, na mnunuzi lazima awe na pointi za GPS. Shamba lako halifiki hekta 4 kwahiyo pointi moja inatosha, mwambie kijana wako asimame katikati ya misindano na simu aichukue, aiandike kwenye daftari pamoja na mwaka mliopanda.